Kufungua baa Mwanza: kuipata leseni ya vileo, na kuilinda kaunta isikunyang'anye

Leseni yangu ya kwanza ya vileo niliilipia mwezi Februari. Nikaitundika juu ya friji, nikajihesabia miezi sita ya usingizi mtulivu. Katikati ya Aprili wakaingia maofisa wawili, mmoja akaimulika kwa tochi ya simu, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii si imeisha tangu tarehe 31 Machi?" Nikabisha. Nikawahesabia kwa vidole: Februari, Machi, Aprili. Wakaniacha nimalize, kisha yule mwenye simu akanionyesha mstari wa chini ambao sikuwahi kuusoma. Nilifunga siku tisa, friji mbili zikiwa zimejaa na deni la kreti likinisubiri.

Kwa hiyo naanza na hilo. Leseni ya vileo haihesabiwi tangu siku uliyolipa. Mwaka umegawanywa mara mbili: kipindi cha tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na cha tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Ukikata leseni Februari, umenunua wiki chache tu za kipindi kinachoisha. Ziandike tarehe hizo ukutani kwa makapeni, na uanze kufuatilia mwezi mmoja kabla, maana mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba kila mwenye baa mjini yuko kwenye foleni ileile.

Kabla hujalipa kodi ya pango

Watu wengi huanza na fremu. Wameona kona nzuri, wamelipa pango la mwaka, wamepaka rangi, ndipo wanakwenda kuuliza leseni. Geuza mwendo huo. Mwenye nyumba hatakurudishia pesa kwa sababu ofisa kakataa.

Jambo la kwanza, jua uko kwa nani. Mwanza mjini kuna halmashauri mbili, Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na mpaka wake haufuati akili ya mtu wa daladala. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma uko Nyamagana. Ukipita Buzuruga na Nyakato uko Ilemela. Ukifika Igoma umerudi Nyamagana. Maombi yako yanakwenda kwenye halmashauri ya eneo la baa, si ya nyumbani kwako. Aliye Nansio anashughulika na Ukerewe, na wa Sengerema au Magu vivyo hivyo kwao.

La pili, nenda kwa mtendaji wa mtaa bila fomu yoyote, ukae naye, uulize: pale kuna malalamiko gani? Kuna shule karibu? Kuna kanisa au msikiti ukuta kwa ukuta? Kuna baa iliyofungwa hapo kabla, na ilifungwa kwa nini? Mtendaji anajua mambo ambayo dalali hatakwambia hata umlipe mara mbili. Mimi niliambiwa na mtendaji kwamba fremu niliyoipenda ilikuwa na choo kimoja kinachotumiwa na wapangaji sita. Hapo ofisa afya angenimaliza.

La tatu ni la watu wa ufukweni, na nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakilia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ile picha ya baa yenye mbao ndani ya maji, meza zinagusa mawimbi, sato anachomwa hatua tano kutoka ziwani, ni picha nzuri kweli. Lakini mtu akikukodisha kiwanja hicho kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini ni ya kutupa. Pima mita mwenyewe, tena pima maji yakiwa yamejaa. Waliojenga ziwa likiwa limerudi nyuma, maji yalipopanda mwaka 2020 yaliwafuata hadi mlangoni.

Leseni ipi?

Sheria ya Vileo, Namba 28 ya mwaka 1968, ni ya zamani lakini ndiyo inayotuendesha, na inatenganisha biashara ambazo mtaani tunaziita zote "baa". Kuna leseni ya kuuzia wateja wanaokunywa hapohapo. Kuna ya duka, ambapo mteja ananunua na kuondoka navyo. Kuna ya jumla, ya hoteli, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, ya pombe za kienyeji, na kibali cha muda kwa mwenye sherehe au tamasha la siku moja.

Kosa la kila siku ni la mwenye duka. Amekata leseni ya kuuza na kuondoka, kisha jioni anatoa viti vitatu vya plastiki nje, wateja wanakaa, mmoja analeta spika. Tayari ni baa bila leseni ya baa. Ukitaka viti, omba leseni ya viti.

Aina ya leseni ndiyo inayoamua pia saa zako. Kwa baa ya kawaida, siku za kazi ni saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Mwisho wa wiki na sikukuu ni saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Najua unafahamu baa inayofungua saa 3 asubuhi kwa wavuvi waliotoka ziwani usiku kucha. Na mimi naifahamu. Mwenyewe anafungua akisikilizia kila gari linalopunguza mwendo, na hayo si maisha.

Gongo, ambayo sheria inaiita moshi, haimo kwenye orodha yoyote. Ina Sheria yake ya Moshi ya mwaka 1966 inayoikataza. Viroba vya plastiki navyo vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na akija mtu na katoni "zilizobaki stoo", mwonyeshe mlango.

Karatasi na miguu

Andaa kitambulisho cha NIDA, TIN ya biashara hiyo, cheti cha kulipa kodi kutoka TRA, na mkataba wa pango wenye jina lako. Mkataba uwe na jina lako kweli, si la shemeji aliyekusindikiza siku ya kulipa. Kama ni kampuni, weka na vyeti vya usajili.

Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI: unafungua akaunti, unachagua halmashauri na aina ya leseni, unapandisha nyaraka, na ukikubaliwa unapewa namba ya malipo ya Serikali ya kulipia benki au kwa simu. Hiyo namba ndiyo njia pekee ya pesa yako. Mtu akikwambia umpe taslimu "akusukumie", utabaki na risiti ya maneno.

Mfumo hauondoi miguu, hata hivyo. Eneo lazima lionekane. Mtendaji wa mtaa na wa kata wana neno lao, mipango miji wanatazama matumizi ya kiwanja, na ofisa afya atakuja kukagua. Huyu wa afya ndiye anayerudisha watu wengi, na mara nyingi ni kwa mambo ya bei rahisi: choo cha wanaume na cha wanawake kitenganishwe, maji ya kunawa yawepo na sabuni, sakafu isafishike, jiko lisipumulie kaunta, taka ziwe na chombo chenye mfuniko, na wafanyakazi wawe wamepimwa afya. Mimi nilirudishwa kwa ajili ya mfuniko wa pipa. Elfu chache tu, na wiki mbili zikapotea.

Usisahau kwamba chakula kina leseni yake ya biashara. Ukiwa na nyama choma au mchemsho, usidhani leseni ya vileo inafunika moshi wa jiko.

Ukishapata leseni, itundike mahali ambapo ofisa anaisoma bila kukuomba. Weka mashine ya EFD na utoe risiti. Kila chupa iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA. Tangu Januari 2019 bia, mvinyo na pombe kali zinabandikwa, na programu ya simu ya Hakiki Stempu inakuonyesha kama ni halali. Mimi nafanya hivi mzigo ukishuka: nachomoa chupa moja kila katoni ya pombe kali, naiskani mbele ya dereva kabla hajaondoka. Madereva wawili wameshanichukia. Sawa tu.

Muziki nao una mawili: haki za wasanii, ambazo zinalipiwa, na majirani, ambao hawalipiki. Viwango vya kelele vya NEMC, baraza la mazingira, vinashuka usiku, na kuta za mabati hazizuii besi. Geuza spika ziangalie ndani, ziinue kutoka sakafuni, kisha nenda ukasimame nyuma ya nyumba ya jirani saa 4 usiku usikilize kama ungelala.

Kaunta

Mpaka hapa tumeongea habari za kupata leseni. Lakini sijaona baa nyingi zikifungwa kwa kukosa karatasi. Nimeona zikifungwa kwa sababu ya chupa moja aliyouziwa mtu ambaye hakupaswa kuuziwa: mtoto, au mtu aliyekwisha kulewa. Mhudumu wa laki moja na ushee ndiye ameishika leseni yako kila usiku, na wenye baa wengi hawajawahi kumfundisha chochote zaidi ya bei.

Anza na watoto. Chini ya miaka 18 hauzi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza, na usitegemee "nilidhani mkubwa". Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyetimiza 18, kwa hiyo ndicho cha kuuliza. Kitambulisho cha chuo au cha shule hakithibitishi umri. Wahudumu wangu nimewapa kanuni nyepesi: akionekana chini ya 25, uliza. Mwenye miaka 30 atacheka na kufurahi.

Kigumu ni mtoto aliyetumwa. Saa 1 jioni, binti wa miaka kama kumi anaingia na chupa tupu mbili na noti ya elfu kumi imekunjwa kiganjani. "Baba kasema mumpe mbili za baridi." Baba yake unamfahamu, ni mteja wa miaka, anakaa nyumba ya tatu. Mhudumu mpya atampa tu, tena atamwambia asivunje. Kwangu mhudumu anapokea chupa tupu, anamwambia mtoto, "Mwambie baba aje mwenyewe, tumemwekea." Baba alikuja siku ya kwanza amenuna. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nisamehe, ila huyu mtoto akianguka na chupa njiani nitakutazamaje?" Akanywa palepale. Hakumtuma tena.

Na wewe mwenyewe usiajiri binti chini ya 18 kuhudumu, hata kama ni mtoto wa dada kutoka kijijini na ana shida ya kweli.

Sasa ulevi. Mfundishe mhudumu hesabu moja, ya mililita. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Toti ya pombe kali ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina 12. Bapa, ile chupa ndogo ya pombe kali, la mililita 200 lenye asilimia 35 lina 70, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban mililita 10 kwa saa, na hauharakishwi na kahawa, maji baridi, ndimu wala kutapika. Aliyekunywa bia nne tangu saa 12 jioni, saa 5 usiku bado amebeba karibu nusu yake. Wahudumu wangu wakishaielewa hesabu hii huacha kuniuliza, "Lakini mama, anaongea vizuri?"

Kwa sababu kuongea ni dalili ya mwisho. Kabla yake kuna mkono unaokosa glasi kidogo, mtu anayehesabu noti mara tatu, sauti inayopanda bila ugomvi, aliyekuwa anachanganya na soda anayeanza kunywa kavu. Na kuna yule anayeanza kununulia meza nzima.

Huyo wa mwisho, hapa ziwani, ana kalenda yake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na vijana wanapanda kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakiwa na pesa ya siku nyingi na usingizi wa siku nyingi. Mtu asiyelala, asiyekula vizuri, mwenye pesa nzima mfukoni: hapo bia mbili zinafanya kazi ya nne. Siku hizo naongeza mhudumu mmoja, napika supu nyingi, na naweka majagi ya maji mezani bila kuombwa na bila kulipisha.

Kukataa kuuza kuna ufundi, na hapa ndipo penye kazi yote. Usimwambie mtu amelewa. Usimwambie mbele ya wenzake. Na asiambiwe na baunsa kwanza. Baunsa akisogea, mambo yamegeuka kuwa ya ubabe. Usiku mmoja kijana wa mtumbwi aliagiza bapa la pili, mkono wake ukatua pembeni ya meza badala ya juu yake. Mhudumu wangu akachuchumaa hadi macho yao yakalingana, akasema taratibu, "Kaka yangu, hili la pili nimekuwekea kaunta, lina jina lako. Sasa hivi nakuletea supu ya sato, ni ya kwangu." Kijana akabisha kidogo. Akaendelea, "Na hizi pesa nyingine nikutunzie mpaka kesho? Mama ataandika." Akatoa laki mbili na elfu arobaini. Tukazihesabu tukiwa watu watatu, tukaandika, akatia dole gumba. Asubuhi alikuja na uso wa kuomba radhi, akachukua pesa yake, na bapa hakulitaka.

Angalia alichofanya yule dada: aliahirisha, hakunyima. Alitoa kitu mkononi badala ya kutoa neno. Alimwachia mtu heshima yake. Mteja akikataa hata hivyo, mhudumu anarudi kaunta na kusema, na kuanzia hapo ni mimi au meneja, si yeye. Na hakuna mhudumu mwingine wa kumuuzia huyo mteja kwa mlango wa nyuma. Jina la meza linaandikwa ubaoni ndani ya kaunta ili wote waone.

Haya yote hayawezekani ukiwalipa wahudumu kwa kreti. Mtu anayepata chochote kwa kila chupa hawezi kuacha kuuza chupa. Lipa mshahara, toa mikataba, na kama unataka kutoa zawadi itoe kwa usiku uliopita bila vurugu na bila bili iliyokimbiwa. Mteja anayemshika mhudumu anaondoka, hata kama ndiye anayemaliza kreti mbili peke yake. Wahudumu wakijua hilo, watakuambia mambo mapema.

Kurudi nyumbani

Dereva wa gari binafsi kikomo chake ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Wa basi, daladala au lori haruhusiwi hata tone. Kwa hesabu niliyoitoa, aliyekunywa bia nne usisubiri apimwe: asiendeshe. Kaunta yangu ina ndoano ya funguo, na ina namba za bodaboda wanne na bajaji mbili ninaowajua kwa sura, wasiokunywa wakiwa kazini. Bodaboda anayekaa ndani akisubiri abiria huku anapiga moja moja, huyo usimwite.

Na walio karibu na maji wana dereva mwingine: wa mtumbwi. Mtu akitaka kuvuka usiku akiwa amelewa, mzuie kwa supu, kwa maneno, kwa godoro la stoo, kwa chochote. Aliyelewa akianguka ziwani usiku hapigi kelele za kusikika, na mara nyingi hana jaketi la kuokolea. Ufukweni weka taa kwenye njia ya chooni, na njia hiyo isielekee majini. Wanaume walioenda kujisaidia gizani ukingoni ndio habari zinazoamsha mwalo alfajiri.

Saa ya kufunga ianze nusu saa kabla yake. Siku za kazi, saa 4 na nusu natangaza agizo la mwisho, muziki unashuka, taa zote zinawaka, chupa tupu zinaanza kuondoka mezani. Mwanga hufukuza kuliko baunsa. Saa 5 kamili mlango unafungwa, wahudumu wanapanda bajaji niliyoilipia mimi, na mimi nabaki na daftari. Naandika tarehe, nani alikataliwa, kwa nini, nani aliyekataa kumuuzia, na aliondoka na nini. Ofisa akija, au polisi wakiuliza habari za mtu, daftari linaongea kuliko mimi. La Jumamosi iliyopita linasomeka hivi: "Meza 6, mzee wa koti la kijani, alikataliwa bia ya tano saa 3:40. Kala chipsi. Kaondoka na bajaji. Miwani yake iko droo ya juu."